Sura ya 7: Ibane Mara Moja

Mkufunzi wa uuguzi ameshika bomba la insulini mbele ya kamera. Ni bomba la mililita 1, uniti 100, lililochorwa mistari myembamba myeusi, na somo zima la dakika nne limetengenezwa kwa ajili ya jambo moja tu: mwanafunzi aone ule mpira wa ndani umesimama kwenye mstari upi. Kamera imeuona. Mpiga picha akikuza picha kwenye kompyuta yake anaihesabu mistari mmoja baada ya mwingine. Kozi inakamilika, inapakiwa kwenye mfumo wa masomo, na muuguzi aliyeko zahanati anaifungua kwenye simu. Pale palipokuwa na mistari pana utepe wa kijivu. Sauti inamwambia "uniti kumi na mbili", na yeye hana namna ya kuzihakikisha hizo kumi na mbili.

Wa kwanza kulaumiwa huwa ni intaneti, na wa pili ni simu ya mwanafunzi. Lakini ukiifuatilia video hiyo hatua kwa hatua, utakuta iliharibika mapema zaidi, mikononi mwa watu ambao kila mmoja alifanya kazi yake kama kawaida. Kamera yenyewe iliibana ilipokuwa ikiiandika kwenye kadi. Mpiga picha akamrushia mhariri kwa WhatsApp, ikabanwa mara ya pili. Mhariri akakata, akabandika nembo na muziki wa kufungulia, akatoa faili jipya: mara ya tatu. Mtengeneza kozi akaliingiza faili hilo kwenye slaidi, akabonyeza kitufe cha kuchapisha, na programu ikalibana kimyakimya: mara ya nne. Kisha msimamizi wa mfumo akasema kifurushi ni kikubwa mno hakipokeleki, basi mtu akaipitisha video kwenye tovuti ya bure ya kupunguza mafaili. Hiyo ya tano.

Katika safari hiyo, kubana kulikohitajika hasa ni mara mbili. Ya kwanza hatuna uwezo nayo, ni ya kamera. Ya pili ni ile ya mwisho, unayoifanya wewe kwa makusudi, ukijua video itatazamwa kwa ukubwa gani na kwa bando la nani. Zile tatu za katikati ndizo zilizofuta mistari, na hakuna aliyeziomba.

Kinachotupwa

Kubana kwenyewe hakukwepeki. Fremu moja ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Kila pikseli ikichukua baiti 3 za rangi, fremu ni megabaiti 6 na ushei. Sekunde ya fremu 25 ni megabaiti 155. Dakika ni zaidi ya gigabaiti 9. Somo letu la dakika nne lingekuwa gigabaiti 37. Likitolewa kwa bitireti ya megabiti 2 kwa sekunde, linakuwa megabaiti 60. Katika kila baiti 600 imebaki moja, na bado mtu anaona mkono, anaona bomba, anaona koti jeupe. Ni maajabu kidogo, na inafaa kujua yanafanyikaje, maana ukishajua kinachotupwa utajua pia kwa nini mistari ya bomba ndiyo ya kwanza kuondoka.

Hila ya kwanza ni kutoandika kitu mara mbili. Kodeki, yaani programu inayobana video, huandika fremu moja kamili, halafu fremu zinazofuata huandika tofauti tu. Ukuta wa nyuma haujasogea, basi hauandikwi. Mkono umehama pikseli tatu kulia, basi kinachoandikwa ni huko kuhama. Ndiyo maana mkufunzi aliyekaa mbele ya ukuta mtupu hugharimu biti chache sana, na mkufunzi yule yule akiwa mbele ya pazia linalopeperushwa na feni hugharimu nyingi. Pazia linakula bando la mwanafunzi bila kumfundisha chochote.

Hila ya pili ina historia yake. Mwaka 1972 Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa akifundisha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas, aliomba fedha kutoka mfuko wa taifa wa sayansi wa Marekani ili achunguze njia ya kuigeuza picha kuwa orodha ya mawimbi ya kosaini. Akanyimwa, wasomaji wa ombi lake waliona wazo ni jepesi mno. Akaendelea nalo bila fedha hizo, na mwaka 1974 yeye na wenzake T. Natarajan na K. R. Rao wakalichapisha. Leo hesabu hiyo, au ndugu zake wa karibu, imo ndani ya picha za JPEG, ndani ya kodeki ya video ya H.264, ndani ya karibu kila video uliyowahi kuitazama kwenye simu.

Inavyofanya kazi ni hivi. Picha hukatwa vipande vidogo vya mraba, kwa mfano pikseli 8 kwa 8. Badala ya kutaja mwanga wa kila pikseli, kodeki hutaja kwa kila kipande namba zinazoeleza mwanga unabadilika polepole kiasi gani na kwa haraka kiasi gani. Namba za mabadiliko ya polepole, kama kivuli kinachofifia shavuni, hutunzwa vizuri. Namba za mabadiliko ya haraka, yaani mweusi, mweupe, mweusi, mweupe ndani ya pikseli chache, hugawanywa na kukadiriwa, na nyingi huishia sifuri. Macho ya binadamu kwa kawaida hayazioni zikiondoka. Lakini mistari ya bomba la insulini ni mweusi, mweupe, mweusi, mweupe. Vivyo hivyo herufi ndogo za jedwali, au seli za lahajedwali kwenye somo la uhasibu. Hesabu iliyobuniwa kupuuza kile ambacho macho hayakijali inakutana na somo ambalo kiini chake ni hicho hicho.

Hila ya tatu inahusu rangi. Video nyingi zinazosambazwa huhifadhi mwanga wa kila pikseli, lakini rangi huhifadhiwa moja kwa kila kundi la pikseli nne. Maandishi meusi juu ya meupe hayaathiriki sana kwa sababu tofauti yao ni ya mwanga. Maandishi mekundu juu ya samawati iliyokolea huvuja kingo zake, na hata ukiongeza bitireti maradufu yataendelea kuvuja. Hapo dawa iko kwa aliyechora slaidi.

Sasa fikiria video iliyokwisha kupita humo inapita tena. Kodeki ya pili haijui kwamba ule ukungu na vile vimraba ni makosa ya kodeki ya kwanza. Kwake ni sehemu ya picha, kwa hiyo hutumia biti zake kuyahifadhi makosa hayo kwa uaminifu, na zinazobaki kwa ajili ya bomba zinakuwa chache zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo, kulipa faili lililochakaa bitireti kubwa hakulirudishii kitu. Unapata faili zito lenye ukungu ule ule.

Kuna mtu aliyelionyesha jambo hili kwa namna isiyosahaulika. Mwaka 1969 mtunzi wa muziki Mmarekani Alvin Lucier alijirekodi akizungumza chumbani, akaipiga rekodi hiyo ndani ya chumba kile kile na kuirekodi tena, akaendelea hivyo mpaka maneno yakayeyuka ukabaki mvumo wa chumba. Miongo minne baadaye Mmarekani mwingine, Patrick Liddell, akaifuata njia hiyo kwenye YouTube: alipakia video yake akizungumza, akaipakua, akaipakia tena ile aliyoipakua, hadi mara 1,000, akamaliza mwaka 2010. Katika zile za mwisho hakuna uso wala neno, kuna mabaka yanayotetemeka. Sisi hatufiki elfu. Lakini kozi nyingi hufika tano, na mistari ya bomba haihitaji elfu.

Pikseli zisizolingana

Kubana kunasemwa sana. Mharibifu mwingine hasemwi, naye kwa masomo yenye maandishi ni mbaya zaidi: kubadilisha vipimo.

Chukua laptopu ya bei ya chini, ya aina iliyojaa kwenye ofisi zetu, yenye skrini ya 1366 kwa 768. Mkufunzi anarekodi skrini akionyesha namna ya kujaza fomu ya mfumo wa hospitali. Programu ya kurekodi imepangwa itoe 1280 kwa 720, kwa sababu ndivyo alivyoelekezwa na mtu fulani. Tofauti inaonekana ndogo, asilimia 6 hivi, na hapo ndipo penye tatizo. Kila pikseli ya video mpya inaangukia kati ya pikseli mbili za zamani, kwa hiyo inachukua wastani wa majirani. Mguu wa herufi "l" uliokuwa mstari mmoja mweusi unakuwa mistari miwili ya kijivu. Bado hakuna kodeki iliyogusa kitu.

Kisha video inawekwa kwenye slaidi. Katika programu ya Storyline, inayotumiwa sana na watengeneza kozi, kwa miaka mingi slaidi mpya ilianza na ukubwa wa 720 kwa 540, na wengi hawakuwahi kuugusa. Video ya upana wa 1280 ikikaa kwenye slaidi ya upana wa 720, inabaki na pikseli 720. Herufi iliyokuwa na kimo cha pikseli 9 kwenye skrini ya mkufunzi sasa ina kimo cha pikseli zisizofika 5. Huwezi kuitofautisha "e" na "c" kwa pikseli 5. Halafu mwanafunzi anabonyeza kitufe cha skrini nzima, kivinjari kinaivuta picha irudi upana wa 1366, na watu wanaanza kulalamika kwamba bitireti ni ndogo.

Tiba ni nyepesi na haigharimu hata senti. Kabla ya kurekodi, amua slaidi itakuwa na vipimo gani, tuseme 1280 kwa 720. Badilisha skrini ya kompyuta iwe 1280 kwa 720 kwa muda wa kurekodi. Kwenye OBS Studio, programu ya bure ya kurekodi skrini, kuna vipimo viwili, cha turubai na cha video inayotoka, vifanye vilingane. Weka slaidi 1280 kwa 720 na video iijaze yote. Sasa pikseli moja ya skrini ni pikseli moja ya slaidi mpaka mwisho. Skrini itaonekana imejaa na madirisha yamekuwa makubwa, jambo ambalo mkufunzi hulilalamikia na mwanafunzi wa simu hulishukuru.

Kama kuna kitu kidogo lazima kionekane, kikuze kabla ya kamera au ndani ya kurekodi, usisubiri kuhariri. Bomba la insulini lilitakiwa kupigwa picha kwa karibu mpaka sehemu ya uniti 0 hadi 20 ijaze upana wote wa fremu. Fremu kama hiyo ingevumilia hata kubanwa mara tano. Ushauri huu nauweka mbele ya mengine yote ya sura hii, ingawa hauna hesabu ndani yake.

Na mwanga. Chumba chenye giza hufanya kamera iongeze wepesi wake wa kuhisi mwanga, picha inajaa chengachenga, na kila chenga ni badiliko jipya ambalo kodeki inalazimika kuliandika. Taa za tyubu nazo zina vituko vyao: umeme wetu Tanzania na Kenya ni wa hezi 50, lakini simu na kamera nyingi huja zimepangwa kwa fremu 30. Mwanga wa taa na fremu za kamera haviendi pamoja, picha inapepesa, na kwa kodeki kila kupepesa ni kama ukuta mzima umebadilika. Rekodi kwa fremu 25 na shata ya 1/50, tatizo linakwisha. Au fungua dirisha uzime taa.

Kitufe cha kuchapisha

Tuseme sasa una faili safi kutoka kwa mhariri. Lilifikaje kwako? Kama ni WhatsApp, litumwe kama dokumenti, si kama video. Likienda kama video hubanwa ili lisafiri haraka. Likienda kama dokumenti hufika kama lilivyo, na tangu 2022 dokumenti inaweza kufika gigabaiti 2. Flashi mfukoni mwa dereva wa bodaboda bado ni njia bora kuliko zote, na sisemi kwa utani.

Ndani ya programu ya kutengenezea kozi kuna mambo mawili ya kutafuta, nayo huwa yamejificha sehemu mbili tofauti. Moja liko kwenye mipangilio ya video yenyewe ukiwa umeichagua kwenye slaidi: ibanwe au iachwe. Jingine liko kwenye dirisha la kuchapisha, mara nyingi ni kitelezi cha kusogeza au namba ya ubora. Ukirekebisha moja ukasahau la pili, mara nyingi la pili ndilo linaloshinda. Programu nyingi huliacha faili lilivyo zikikuta ni MP4 ya H.264 yenye sauti ya AAC. Lakini ukikata mwanzo wa video ndani ya programu hiyo hiyo, au ukaipunguza kingo, au ukaongeza sauti yake, umeilazimisha kuiandika upya. Kata kila kitu huko kwa mhariri. Huku iingie imekamilika.

Utajuaje kama imeachwa? Usiamini dirisha la mipangilio, fungua kifurushi. Kozi nyingi hutolewa kama kifurushi cha SCORM, kanuni iliyotolewa na mpango wa ADL wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Toleo lake la 1.2 la mwaka 2001 bado linapokelewa na karibu kila mfumo wa masomo. Jina linatisha, lakini kifurushi ni zipu ya kawaida. Nakili, fungua, na ndani utakuta faili liitwalo imsmanifest.xml, kurasa za wavuti, na folda yenye picha, sauti na video. Tafuta mafaili ya mp4 uyapange kwa ukubwa. Uliingiza video ya megabaiti 58 na humu imo ya megabaiti 58: haijaguswa. Uliingiza ya 58 na humu imo ya 11: umebaniwa bila kuulizwa. Ukitaka undani, programu ya bure ya MediaInfo itakuonyesha upana, bitireti na idadi ya fremu za kila moja, uweke mbili hizo kando kwa kando.

Kuna wakati programu inakataa katakata kuiacha video. Hapo mafundi hutumia njia ya mlango wa nyuma: wanachapisha kozi, wanafungua zipu, wanaitoa video iliyobanwa na kuweka yao yenye jina lile lile na urefu ule ule, kisha wanafunga tena. Urefu ni muhimu kwa sababu maswali yanayojitokeza katikati ya video hufuata saa. Sekunde mbili zikizidi, swali litatokea kabla ya jibu kufundishwa. Na wakati wa kufunga zipu, chagua vilivyomo ndani ya folda, usiichague folda. Faili la imsmanifest.xml lazima liwe juu kabisa ya kifurushi. Likiwa ndani ya folda nyingine mfumo utasema kifurushi si halali, na utahangaika nusu siku ukidhani umeharibu video.

Kiasi gani kinatosha

Watu huuliza: niweke bitireti ngapi? Swali limekaa vibaya, kwa sababu video hazifanani. Netflix iligundua hilo kwa gharama kubwa. Ilikuwa na ngazi moja ya bitireti kwa filamu zote, kutoka kilobiti 235 kwa sekunde hadi 5,800 kwa picha ya 1080, na mwishoni mwa 2015 ikatangaza kwamba inaiacha: katuni tulivu ilikuwa inapewa biti isizozihitaji, na filamu yenye chengachenga nyingi ilikuwa inanyimwa. Kuanzia hapo kila filamu ikapimiwa ngazi yake.

Wewe huna mitambo ya Netflix, lakini una kitu kinachofanana nacho na hakina bei. Kwenye programu za HandBrake au FFmpeg, usichague bitireti, chagua ubora, ile namba inayoitwa CRF. Kwa kodeki ya x264, inayotoa video za H.264, inaanzia 0 hadi 51, kawaida yake ni 23, na kadiri inavyoshuka ndivyo picha inavyokuwa bora. Ukishusha kwa 6 hivi, faili huelekea kuwa maradufu. Ukiweka 22, kodeki yenyewe itaamua: slaidi tulivu yenye sauti juu yake itachukua biti chache mno, mara nyingi chini ya kilobiti 300 kwa sekunde, na mkono unaofunga bandeji utapewa zaidi kwa sababu unastahili zaidi. Kwa video ya maandishi au ya vipimo kama bomba letu, shuka hadi 20. Kwenda chini ya 18 ni kuwalipisha wanafunzi kitu wasichokiona.

Kodeki iwe H.264. Ilipitishwa mwaka 2003, imezeeka, na uzee wake ndio faida: simu karibu zote huisoma bila kuchoka. H.265 ya 2013 na AV1 ya 2018 hubana vizuri zaidi, lakini muuguzi wetu wa zahanati huenda ana simu ya miaka saba iliyopita, na video isiyofunguka haina ubora wa kujadiliwa. Sauti ya mtu mmoja anayezungumza inatosha kwa AAC ya kilobiti 64, mkondo mmoja. Usiibane kupita hapo, maana mwanafunzi atavumilia picha hafifu lakini sauti inayokwaruza ataizima.

Sasa rudi kwa msimamizi aliyekataa kifurushi. Moodle, mfumo uliotoka toleo lake la kwanza mwaka 2002 na unaotumiwa na vyuo vingi vya kwetu, umeandikwa kwa PHP, na PHP ikisakinishwa bila kuguswa huruhusu faili la megabaiti 2 tu kupakiwa. Wasimamizi hupandisha kiwango hicho, wengine hadi 50, wengine hadi 100, kisha husahau kwamba namba hiyo waliichagua wenyewe. Inabadilishika. Kabla ya kuitoa kafara video, mpigie simu umuulize, tena kwa heshima: "Mkuu, naomba tupandishe kiwango cha kupakia kwa kozi hii." Mara nyingi ni kazi ya dakika tano. Akikataa, toa video nje ya kifurushi, iweke kwenye seva ya video, na kifurushi kibaki na maswali na kurasa. Ukitumia YouTube, kumbuka nayo hubana upya kila kinachopakiwa, kwa hiyo ipe faili lako bora kuliko yote. Yenyewe hupendekeza megabiti 8 kwa sekunde kwa video ya 1080.

Hesabu ya bando inapaswa kufanywa na kila mtengeneza kozi, kwa kalamu. Megabiti 1 kwa sekunde kwa dakika kumi ni megabaiti 75. Kozi ya masomo ishirini ya urefu huo ni gigabaiti 1.5. Kwa kilobiti 400 ni megabaiti 600. Tofauti hiyo inatoka mfukoni mwa mtu, na mara nyingi ndiyo inayoamua kama atafika somo la ishirini. Ndiyo maana nasisitiza vipimo sahihi na kubana mara moja: faili lililobanwa mara moja kwa CRF 22 huwa dogo na safi kuliko lililobanwa mara tano kwa bitireti kubwa. Pale ambapo hakuna intaneti kabisa, kuna Kolibri ya shirika la Learning Equality, inayohifadhi masomo kwenye kompyuta moja ya shule na kuyagawa kwa simu na tableti zilizo karibu. Hapo bando halipo, lakini nafasi kwenye diski inahesabika vile vile.

Kuna kisanduku kimoja zaidi cha kutia alama. Faili la MP4 lina faharasa inayoieleza simu kila fremu iko wapi, na programu nyingi huiandika mwishoni. Mwanafunzi mwenye intaneti ya kusuasua anasubiri huku kiduara kikizunguka, kwa sababu simu inaitafuta faharasa. Kwenye HandBrake tia alama kwenye chaguo la kuiandaa video kwa ajili ya wavuti. Kwenye FFmpeg ongeza -movflags +faststart. Faharasa inahamia mwanzoni na video inaanza mapema, bila pikseli hata moja kuguswa.

La mwisho ni kutunza mafaili ya mwanzo. Tarehe 31 Desemba 2020 Adobe iliacha kuihudumia programu yake ya Flash, na baada ya siku chache vivinjari vikaacha kuifungua. Kozi nyingi zilizotengenezwa katika muongo wa kwanza wa karne hii zilikuwa za Flash, video zake zimekandamizwa ndani ya visanduku vya 320 kwa 240. Waliokuwa wametunza kanda au mafaili ya kamera walirudi mezani wakatoa upya kwa H.264, na masomo yao yakatoka mazuri kuliko yalivyokuwa mwanzo. Waliotunza kifurushi peke yake walikuwa na ukungu wa 320 kwa 240 wa kuanzia. Kwa hiyo kwa kila somo tunza vitu vitatu: mafaili ya kamera kama yalivyotoka, mradi wa kuhariri, na video iliyokamilika ikiwa imetolewa kwa CRF 16 hivi kabla ya kupunguzwa kwa ajili ya kozi. Hiyo ya tatu iandike jina la somo, mwaka na neno MAMA, uiweke kwenye diski mbili, moja ikae nje ya ofisi. Kila toleo lingine la somo hilo, la simu, la Moodle, la Kolibri, litolewe kwake.